Ziara ya Capitol ya Madison: nilikwenda kuona kiti cha mzee Risser

Wenye haraka niwaambie mapema. Ziara ya Capitol, yaani jengo la bunge la jimbo la Wisconsin, ni bure, inachukua kati ya dakika 45 na 55, na kama umefika Madison, Wisconsin, iwe kumtembelea mtoto anayesoma chuo kikuu pale au unapita tu ukielekea Chicago, usiondoke bila kuifanya. Mimi niliifanya mara mbili siku moja, na nitaeleza kwa nini.

Habari ilianza Novemba 2016. Binti yangu alinipigia simu usiku, kule kwao ikiwa mchana, ametoka kupiga kura yake ya kwanza tangu apate uraia wa Marekani. Nilitaka habari za Clinton na Trump kama watu wote. Yeye alikuwa na lake. "Mama, kwenye karatasi ya kura kuna mzee wa miaka 89 anagombea useneti wa jimbo, hana mpinzani. Aliingia bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 1956." Nikamwambia autaje tena huo mwaka. Mwaka 1956 mimi sijazaliwa. TANU ilikuwa na miaka miwili tu na Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza.

Jina likanikaa kichwani: Fred Risser.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za msingi Kilosa maisha yangu yote ya kazi. Walimu wa rika langu wanajua kwamba uchaguzi kwetu haukuwa habari ya redioni tu. Sisi ndio tuliokaa vituoni. Nilifanya kazi hiyo kuanzia 1995 hadi 2015, chaguzi tano, kwanza karani mwongozaji, baadaye msimamizi wa kituo. Mwaka 1995, ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, tulihesabu kura darasani kwa mwanga wa karabai, mawakala wa vyama wamejibana kwenye madawati ya watoto, kila karatasi naiinua juu waione kabla sijaiweka kwenye fungu lake. Basi nikisikia mtu amechaguliwa mara nyingi, wa kwanza kunijia akilini ni wale waliokaa usiku kucha wakihesabu.

Kwa hiyo nilipopata viza na kufika Madison mwezi Julai, binti yangu aliponiuliza nataka kuona nini, nilimjibu kabla hajamaliza swali.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, na nawashauri nanyi mwende Jumamosi ya majira ya joto. Jengo la Capitol limekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, na Jumamosi wakulima wanalizunguka kwa meza zao kuuza mazao. Soko hilo lipo tangu 1972, na anayeuza lazima awe ndiye aliyelima. Watu wote wanatembea upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa. Mjukuu wangu, ambaye ni mwenyeji kuliko mimi, alinishika mkono: "Bibi, tukienda hivyo tutagongana na watu." Tulinunua vibonge vya jibini mbichi ambavyo ukivitafuna vinalia kwenye meno. Vile ndivyo vinavyotakiwa kuwa, visipolia vimelala.

Ziara zinaanza kila saa: saa tatu, saa nne na saa tano asubuhi, kisha saa saba, saa nane na saa tisa mchana. Jumapili ni hizo tatu za mchana tu. Mkiwa kumi au zaidi mnatakiwa kuweka nafasi kabla, mkiwa wachache mnafika tu kwenye meza ya maelezo iliyo katikati ya jengo, chini ya kuba. Sisi tuliwahi ya saa tano. Niliingia na kikapu changu cha sokoni bila mtu kuniuliza ninakwenda wapi, na hilo lilinigusa. Nyumba ya kutungia sheria, na bibi wa Kilosa anaingia na kikapu chenye nyanya.

Mwongozaji wetu alikuwa msichana mwenye sauti ya kusikika bila kupiga kelele. Anazungumza Kiingereza, lakini taratibu, na nilihitaji binti yangu anitafsirie mara mbili tatu tu. Alituanzisha chini ya kuba. Inueni shingo zenu: juu kabisa kuna mchoro wa Edwin Blashfield, na kwenye pembe nne kuna picha za vigae vya kioo za Kenyon Cox, Sheria, Serikali, Haki na Uhuru. Kuba lenyewe ni la mawe ya matale kutoka Vermont, na kwa ndani wametumia aina 43 za mawe kutoka nchi mbalimbali. Kwenye ngazi za marumaru wanakuonyesha viumbe wa baharini walioganda humo mamilioni ya miaka iliyopita. Mjukuu wangu alipiga magoti kumwangalia kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, watu wakawa wanampisha.

Jengo la zamani liliungua Februari 1904, taa ya gesi ikishika dari lililokuwa limetoka kupakwa vanishi. Hili la sasa lilijengwa bawa moja moja kuanzia 1906 hadi 1917 ili kazi za serikali zisisimame. Haya mwongozaji atawasimulia vizuri kuliko mimi. Ukumbi wa Mahakama Kuu ni mzuri, chumba cha mikutano cha gavana kina dhahabu nyingi kuliko ninavyopenda. Nje ya ofisi ya gavana kuna mnyama wa shaba anayeitwa beja, ndiye nembo ya jimbo, na kila mtoto anamsugua pua.

Nisimame kidogo kwenye ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, maana Risser alianzia humo. Wawakilishi ni 99 na wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili. Tangu 1917 humo ndani wanapiga kura kwa kubonyeza kitufe, mashine inahesabu, na lilikuwa bunge la kwanza kufanya hivyo. Nilitaka kujua kura inaonekana wapi, nikaonyeshwa ubao ukutani ambako jina la kila mmoja linatokea na alichokipigia. Nilisimama pale hadi binti yangu akaniita. Kujua nani amepiga nini, papo hapo, mbele ya wageni waliokaa juu! Karabai yangu ya 1995 ingelia machozi.

Kijana Risser, mwanasheria aliyezaliwa hapo hapo Madison Mei 1927, aliyekuwa mhudumu wa tiba katika jeshi la majini wakati wa Vita ya Pili, alishinda kiti humo 1956, akashinda tena 1958 na 1960. Kiti hakikuwa kitu kigeni kwao. Baba yake alikuwa seneta wa jimbo kwa chama cha Progressive. Babu yake mzaa mama, Ernest Warner, alikuwa mbunge wa jimbo. Na baba yake babu alikuwa mbunge pia. Vizazi vinne. Kwa mtu wa kwetu hapo maswali yanaanza, na mimi yalinianza: huyu alichaguliwa au alirithishwa? Nilibeba swali hilo hadi Seneti.

Seneti iko bawa la kusini. Maseneta ni 33 tu, ukumbi ni wa duara, mwanga unashuka kutoka kwenye dari la kioo, na mbele kuna picha tatu kubwa za Kenyon Cox zinazoonyesha ndoa ya bahari ya Atlantiki na Pasifiki, maana mfereji wa Panama ulikuwa mpya wakati huo. Chini ya picha hizo ndipo kilipo kiti cha Rais wa Seneti. Ziara yenyewe inahusu jengo, haimhusu Risser, kwa hiyo ukimtaka ulizia. Niliulizia. Mwongozaji hakushangaa hata kidogo, alikinyooshea kidole kile kiti na watu wote tuliokuwa nao wakageuka kukiangalia.

Ngoja nihesabu kama msimamizi wa kituo. Baada ya kura tatu za Baraza la Wawakilishi, mwaka 1962 seneta wa wilaya ya 26, Horace Wilkie, aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo. Kukawa na uchaguzi mdogo, Risser akaushinda. Kisha akachaguliwa 1964, na baada ya hapo kila miaka minne bila kukosa hadi 2016. Hizo ni 14. Jumla yake, ukiweka na ule mdogo, mara 18. Aliondoka Januari 2021 akiwa ametimiza miaka 64 bungeni, muda mrefu kuliko mbunge yeyote wa jimbo katika historia ya Marekani. (Msomaji wa Tanzania asichanganye: jimbo hapa ni Wisconsin nzima, kitu kama nchi ndogo yenye gavana na bunge lake. Eneo la mgombea wao wanaliita wilaya, na hiyo ya 26 ni Madison.)

Mtu anaweza kufikiri miaka 64 ni miaka 64 ya kutawala. Hapo ndipo ukumbi ule ulinifundisha. Mwongozaji alitueleza wenye viti vingi wanavyoshika uongozi na wenye vichache wanavyokaa wakingoja. Risser, wa chama cha Democratic, aliingia Seneti akiwa upande wa wachache na akakaa huko miaka 12, mpaka uchaguzi wa 1974. Alikuwa kiongozi wa hao wachache. Tangu 1979, katiba ya jimbo iliporuhusu maseneta wachague rais wao wenyewe badala ya kuongozwa na naibu gavana, aliketi kwenye kile kiti cha mbele, kisha akashuka chama chake kiliposhindwa, akapanda tena, akashuka tena. Mara ya mwisho kupanda ilikuwa 2012. Chama chake kilipata wingi wa 17 kwa 16 katikati ya mwaka, na kabla mwaka uliofuata haujaanza vizuri wingi huo ulikuwa umekwisha. Alikuwa na miaka 85. Alishuka, akaenda kukaa kwenye dawati kama wengine.

Nilikaa nikiangalia ile nafasi kati ya kiti na madawati. Ni hatua chache. Nimewaona watu kwetu, hata ngazi ya kijiji, ambao hatua kama hizo zimewashinda kabisa. Wakishatoka kwenye kiti hawarudi kwenye mkutano tena.

Kuhusu 2011 tulibishana, mimi na binti yangu, na tulibishana chini ya kuba palepale ambapo mambo yalitokea. Gavana Scott Walker alileta muswada wa kuwanyang'anya watumishi wa umma, walimu wakiwamo, sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Muswada wa fedha ulihitaji akidi ya maseneta 20. Republican walikuwa 19. Tarehe 17 Februari maseneta wote 14 wa Democratic walivuka mpaka wakaingia Illinois ili akidi isitimie, na Risser, miaka 83, alikuwa miongoni mwao. Wananchi walilijaza jengo, wakalala kwenye sakafu hii ya marumaru usiku baada ya usiku. Baada ya wiki tatu Republican waliondoa vipengele vya fedha, wakaupitisha bila wao, nao wakarudi.

Binti yangu anasema walifanya sawa. Mimi nilikuwa mwanachama wa Chama cha Walimu tangu kilipoanzishwa 1993 na najua makato ya mshahara na mapunjo ni nini, hivyo moyo wangu uko kwa wale walimu. Lakini nimewapaka watu wino kidoleni kwa miaka 20 nikiwaambia mwakilishi wako atakwenda kukusemea. Akikimbia ukumbi, nani anasema? Hatukukubaliana. Mjukuu aliuliza walilala wapi huko Illinois, na hatukuwa na jibu la kumpa.

Sheria moja ya Risser haina ubishi kwangu. Tangu tarehe 5 Julai 2010 hakuna anayevuta sigara ndani ya mgahawa, baa wala ofisi Wisconsin, na Risser alikuwa mmoja wa walioisukuma kwa miaka mingi sana. Mume wangu alikufa kwa mapafu. Sitaongeza.

Sasa lile swali la kurithishwa. Chaguzi zake mbili za mwisho, 2012 na 2016, alipita bila kupingwa. Neno hilo kwetu lina uzito. Kwetu, katika chaguzi nilizosimamia, mgombea alipopita bila kupingwa, kura ya kiti hicho haikupigwa, karatasi hazikuchapwa, msimamizi hakuwa na cha kuhesabu. Kule jina linawekwa kwenye karatasi hata likiwa peke yake, na chini yake kuna mstari mtupu wa kuandika jina la mtu mwingine umtakaye. Binti yangu aliuona mstari huo 2016. Hilo nalipenda na ningetamani tuwe nalo. Hata hivyo sitasema uongo kwamba liliniridhisha. Madison ni mji wa Democratic kama vile ziwa lilivyo la maji, kwa hiyo kazi yote ni kura za maoni za chama, na mzee akishakuwa mzee wa wote, nani atamtangulia? Alipotangaza 2020 kwamba hagombei tena, watu saba walijitokeza kwenye kura za maoni za Agosti. Saba! Kelda Roys akashinda. Mimi nawafikiria wale sita waliobaki, na wengine ambao miaka 20 iliyopita walikuwa na nguvu na mawazo, wakamheshimu mzee, wakasubiri, nguvu ikaisha. Heshima kwa mtu mzima ni jambo jema, nimelelewa nalo. Bunge si kikao cha ukoo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba alichaguliwa kweli, mara 18, na pia kwamba angepumzika mapema kidogo. Yote mawili nayasema kwa kumpenda. Amependa kazi yake na baiskeli yake hadi uzeeni, na hakuna mwaka aliokwepa kuliweka jina lake mbele ya watu.

Mambo ya kuzingatia. Viatu vya chini, sakafu ni marumaru tupu. Ngazi zipo nyingi lakini lifti zipo pia. Roshani ya juu ya kuba inafunguliwa majira ya joto peke yake, na lifti haifiki huko, unamalizia kwa miguu. Magoti yangu yalikataa, mjukuu na mama yake walipanda, wakaniambia maziwa yote mawili yanaonekana. Mkitoka kwa upande wa Seneti, ng'ambo ya barabara mtaona jengo la idara ya sheria ya jimbo, linaitwa Risser Justice Center. Nilipigwa picha mbele yake. Bungeni penyewe Julai kunakuwa kimya, kumbi zinakuwa wazi kwa wageni, lakini ukitaka kuona maseneta wakibishana nenda wakati wa vikao, kuna sehemu ya wananchi juu na haina kiingilio.

Walipokuwa juu ya kuba nilikaa kwenye benchi karibu na sanamu ya Robert La Follette, gavana wa zamani wa jimbo, nikala jibini iliyobaki. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Katika ile ziara ya kwanza nilikitazama kiti cha rais peke yake. Sikuyahesabu madawati.

Waliposhuka nikawaambia tunangoja ya saa saba. Binti yangu alicheka, mjukuu alilalamika kuhusu njaa, tukamnunulia mkate nje. Saa saba tulikuwa mezani tena, mwongozaji alikuwa mwingine, kijana wa kiume, na hakuna aliyetuuliza kwa nini tumerudi. Tulipofika Seneti nilianza kushoto, nikahesabu kwa kidole kama nilivyozoea kuhesabu mafungu ya karatasi. Thelathini na tatu, yote yanafanana.